Huenda

Fomu ina visanduku kumi na tisa.
Cha kwanza kinataka jina la mgonjwa: Sajini.
Cha pili, aina: mastifu, dume, miaka minne.
Cha tatu, uzito, na hapo Muthengi anacheka kidogo,
kicheko cha mtu aliyewahi kukanyagwa na kiumbe huyo.
"Andika sabini na mbili. Tulimpima kwa mizani ya saruji
kwenye bohari, kule Baba Dogo. Alikaa kimya kama mfuko."

Ni Julai. Dirisha la kliniki hapa Kabete linatoka jasho la baridi,
nami naandika nikiwa na koti,
kalamu ikigoma kila mstari wa tatu.

Dawa: kidonge cha kupe, cha kutafuna, ladha ya ini.
Namba ya toleo anayo; ameikata kwenye boksi,
akaikunja mara nne, akaificha ndani ya kofia ya usoja.
Dozi: kimoja, cha mbwa mkubwa.
Muda kutoka dawa hadi dalili?
"Saa kumi na moja."
Namuuliza: muda wa saa kumi na moja,
au saa kumi na moja ya alfajiri?
Anahesabu kwa vidole, kuanzia kumi na mbili jioni.
"Zote mbili," anasema. Na ni kweli.

Dalili. Fomu imetoa nafasi ya upana wa kidole.
Muthengi anahitaji ukuta mzima:
jinsi miguu ya nyuma ilivyoanza kukosana na ya mbele,
jinsi mnyororo ulivyolia peke yake sakafuni,
jinsi alivyomtazama, "kama mtu
anayekufahamu lakini jina lako limemtoka."
Naandika: kuyumba, mtetemo, degedege.

Cha kumi na mbili: kuna sababu nyingine?
Anafunga mlango kwanza.
Kampuni imemwambia aseme ni sumu ya wezi,
nyama iliyorushwa juu ya ukuta.
Sumu ya wezi, bima huilipia.
"Lakini ukuta niliulinda mimi," anasema,
"na hakuna kilichoruka isipokuwa paka.
Kidonge nilimpa mimi. Kwa mkono huu.
Alikila kwa sababu kilitoka kwangu."
Mkono unabaki mezani, umefunuka.
Sina kisanduku cha kuuweka.

Cha kumi na tano: je, dawa ndiyo chanzo?
Hakika. Huenda. Hapana.
Daktari Chelimo anachungulia, glavu zimelowa,
anasema, "Huenda," anarudi kwa mgonjwa.

Huenda. Shuleni niliambiwa ni neno la shaka,
lakini ni kitenzi pia, cha mazoea:
Sajini huenda hadi lango la nyuma,
huenda hadi tangi la maji, hunusa, hurudi,
huenda tena, mara arobaini kwa usiku mmoja,
na wewe uliyelala katika Nairobi hii
hujui ni nani anayekuzungukia.

Kwenye droo nina huenda tano.
Jike wa Kitisuru.
Ndugu wawili wa Ngong, usiku mmoja.
Yule wa Syokimau aliyeletwa kwa mkokoteni.
Mmoja wa Karen, mwenyewe hakutaka kutajwa.
Mastifu wote, ladha ile ile ya ini.
Nazitoa, nazipanga juu ya meza,
na juu yake naiweka ya sita.
Zinaanza kuwa na uzito.

Kisanduku cha mwisho: matokeo.
Amepona. Amekufa. Haijulikani.
Nyuma ya pazia dripu inahesabu, haiharakishwi na mtu.
"Hicho kiache wazi," anasema Muthengi. "Nipe kalamu."
Na kwenye mstari wa aliyetoa dawa
anaandika majina yake yote matatu
kwa herufi kubwa, kama za mlangoni.
Kalamu inagoma kwenye jina la babake.
Anaipumulia ncha, anaendelea.